Swichi ya Feni ya Rejeta: Kwanza Jua Inagusa Maji Yapi

Nilipoamua kuitoa feni ya mkanda kwenye pikapu yangu ya zamani na kuweka feni mbili za umeme, kila niliyemgusia habari hiyo alirukia swali moja: utaweka swichi ya digrii ngapi, yaani ile ya joto inayoziwasha feni maji yakifika kiwango fulani? Mmoja alisema 82, ili injini isithubutu kupata joto. Mwingine akasema 92, ndiyo ya kawaida, huwezi kukosea. Fundi wangu wa umeme, mtu wa maneno machache, aliona swichi yenyewe ni usumbufu. "Bosi, tunaziunga kwenye ufunguo. Ukiwasha gari zinawaka, ukizima zinazima. Swichi ya nini?"

Hakuna aliyeuliza swichi itafungwa wapi. Swali hilo lilijileta lenyewe nilipoanza kupima, na tangu hapo, kila mtu akiniuliza habari za digrii, namrudisha huko kwanza. Swichi ya 92 iliyofungwa kwenye mpira wa juu wa rejeta na swichi hiyohiyo iliyofungwa kwenye tangi la upande wa kutokea maji ni kazi mbili tofauti, japo kidude ni kile kile.

Pikapu ilikuwa na themostati, ule mlango unaoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, ya digrii 82. Namba hiyo ni ya kuanza kufunguka, si ya kufunguka yote. Kwa kawaida themostati humaliza kufunguka digrii kumi hivi juu ya namba iliyochongwa, kwa hiyo yangu ilikuwa wazi kabisa maji yakifika 92 au zaidi kidogo. Kati ya hapo ndipo inapofanya kazi: maji yakipoa inabana, yakipata moto inaachia, na injini inabaki na joto lake lile lile, iwe mlimani iwe tambarare. Feni haimo katika hesabu hiyo. Feni inaisaidia rejeta tu, na rejeta inahitaji msaada pale upepo wa mwendo unapokosekana: foleni, kupanda mlima polepole na mzigo, kusimama huku injini inanguruma.

Sasa ichukue ile swichi ya 82 uifunge kwenye mpira wa juu. Maji yanayofika hapo yametoka kwenye injini baada ya themostati kufunguka, maana yake yana digrii 82 au zaidi. Swichi itawasha feni mara maji ya moto yanapoigusa, kisha itasubiri yashuke hadi 77 ili izime. Hayashuki. Themostati haiyaruhusu. Feni zitazunguka tangu gari linapopata moto mpaka unapozima, barabara kuu, usiku, mvua ikinyesha, na injini haitapoa zaidi ya hapo, kwa sababu kadiri rejeta inavyopoza ndivyo themostati inavyobana. Aliyenishauri 82 alikuwa ananishauri jambo lile lile la fundi wangu, ila yeye alitaka kwanza ninunue swichi.

Nadhani hofu ndiyo inayowafanya watu wapende namba ndogo. Tumefundishwa shuleni kwamba maji huchemka digrii 100, kwa hiyo mtu akisikia swichi ya 95 anaona kama anaambiwa acheze na kifo cha gasketi ya hedi. Lakini maji ya rejeta yako chini ya mgandamizo. Mfuniko wa rejeta wa 0.9 bar ukiwa mzima unasogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu digrii 118 kwa maji matupu, na kulanti, yaani dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inakisogeza mbele zaidi. Injini yenye digrii 95 ina nafasi ya kutosha. Injini inayolazimishwa kufanya kazi ikiwa baridi ndiyo yenye hasara: inakula mafuta zaidi, oili haipati joto la kuukausha unyevu uliomo ndani yake, na vyuma vinasagika kuliko inavyopaswa. Mfuniko wenye raba iliyokufa, kwa upande mwingine, utakuchemshia gari hata uweke swichi ya digrii ngapi.

Turudi kwenye kupima. Multimita nyingi huja na waya mwembamba wa kupimia joto, ambao wengi wetu tunauacha ndani ya boksi. Niliufunga kwa tepu kwenye shingo ya chuma inakoingia mpira wa juu, nikafunika na kipande cha sponji ili upepo usidanganye kipimo, kisha baadaye nikauhamishia upande wa chini. Wenye vipimajoto vya kulenga kwa mwanga mwekundu nawaonya: ukilenga aluminiamu inayong'aa unapata namba ya uongo, mara nyingi ndogo kuliko joto lenyewe. Lenga mpira mweusi au sehemu iliyopakwa rangi.

Nilichokiona kilinishangaza. Gari likitembea vizuri, maji ya juu yalikuwa kati ya 85 na 88, nilivyotarajia. Maji ya chini yalikuwa 60, wakati mwingine chini ya hapo. Sababu ni kwamba themostati ikiwa imefunguka kidogo inapitisha maji machache, nayo yanakaa ndani ya rejeta muda mrefu yakipigwa na upepo, basi yanatoka yamepoa sana. Nilipolisimamisha gari huku injini inanguruma na feni zikiwa zimezimwa, juu kulipanda taratibu kufikia 95, lakini chini kulipanda kwa kasi: 65, 72, 80, 88. Lile pengo kubwa la barabarani likabaki digrii saba hivi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watengenezaji wengi wa magari hutoboa tundu la swichi upande ambao maji yanatokea kwenye rejeta. Maji ya juu yanakueleza hali ya injini. Maji ya chini yanakueleza kama rejeta bado inaimudu kazi yake. Feni ni msaidizi wa rejeta, kwa hiyo ni haki imsikilize anayemsaidia. Ukiwa barabarani, swichi ya chini iko kwenye maji ya digrii 60, haina habari na feni. Ukisimama kwenye foleni, ndani ya dakika chache inaona maji yanarudi kwenye injini bila kupoa, inaita msaada.

Upande wa chini una udhaifu wake, nisifiche. Themostati ikikwama ikiwa imefunga, injini inaweza kuungua huku tangi la chini likiwa baridi kabisa na feni zimelala. Pampu ya maji ikifa, vivyo hivyo. Swichi ya juu, iliyo kwenye hedi au kwenye nyumba ya themostati, ingeona joto hilo mapema zaidi, ingawa sijui feni ingesaidia nini kama maji hayazunguki. Kwa hali hizo dawa ni geji ya dashibodi na macho ya dereva.

Basi hesabu yangu ikawa hivi. Rejeta yangu ilikuwa na tundu tayari upande wa chini. Themostati ni ya 82. Upande huo, maji yakifika 88 maana yake rejeta imezidiwa. Nikachagua swichi iliyoandikwa 88–79: inawasha ikifika 88, inazima ikishuka hadi 79. Kwa mpira wa juu wa gari hilohilo nisingethubutu kutumia hiyo, kwa sababu 79 iko chini ya themostati na feni zisingezima. Huko juu ningeweka 95–86.

Iangalie hiyo namba ya pili, maana watu wengi hawaiangalii. Kwenye boksi la swichi huandikwa namba mbili, na mazungumzo yote huwa juu ya ile kubwa. Ile ndogo ndiyo inayoamua kama feni zitapumzika. Mfano mzuri ni rafiki yangu mmoja mwenye gari la themostati ya 88, aliyefunga swichi ya 95–86 kwenye mpira wa juu kwa kuwa alisikia mimi naisifu. Inawasha pazuri. Haizimi. Injini ikiwa na moto, maji ya juu hayashuki chini ya 88 hata feni zipulize usiku kucha, na swichi inasubiri 86. Kwake yeye ilitakiwa 100–91, namba inayotisha ukiitamka lakini iliyo sahihi kwa gari lile. Kanuni ninayoitumia ni rahisi: ukiwa upande wa maji ya moto, namba ya kuzima iwe juu ya namba ya themostati kwa digrii tatu au nne angalau. Upande wa maji yaliyopoa unaweza kushuka chini ya themostati bila wasiwasi.

Pengo kati ya kuwasha na kuzima halikuwekwa kwa bahati. Ndani ya swichi kuna kisahani cha metali mbili zilizogandishwa pamoja, kila moja ikitanuka kwa kiasi chake. Joto likifika kiwango, kisahani kinabinuka ghafla, tak, kama kifuniko cha kopo unapokibonyeza kwa dole gumba, na hakirudi mpaka joto lishuke vya kutosha. Pengo la digrii tano linafanya feni ziwake na kuzima kila mara, na kila kuwaka ni mshtuko kwa betri na waya. Pengo la digrii kumi na zaidi linazifanya zizunguke muda mrefu halafu zipumzike muda mrefu. Mimi napenda pengo la nane hadi kumi. Na usitegemee usahihi wa maabara: swichi nzima kabisa inaweza kupishana na namba yake kwa digrii mbili tatu, juu au chini.

Ndiyo maana siifungi swichi kabla ya kuipima, hata ikiwa mpya. Naitumbukiza ncha yake kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, imening'inia kwa waya isiguse kitako cha sufuria, kipimajoto kando yake, multimita ikiwa imeungwa kwenye pini zake na kuwekwa kwenye mlio, ili ilie mzunguko wa swichi unapofunga. Maji yanapanda polepole, multimita inalia, naandika namba. Nazima jiko, nasubiri inyamaze, naandika namba ya pili. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kumwaga kulanti mara ya pili.

Ila kuna mtego hapa unaowapata watu wa miinuko. Maji ya sufuria hayana mgandamizo wa rejeta, na kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari ndivyo yanavyochemka mapema. Kwenye mita 1,500 hivi yanachemka karibu na digrii 95, kwenye mita 2,000 karibu na 93. Ukiwa huko unapima swichi ya 95, maji yatatokota mpaka yakauke na multimita haitalia, nawe utaitupa swichi isiyo na kosa. Nimemwona mtu anayerudisha swichi ya pili kwa hasira za namna hiyo. Kwa namba kubwa tumia mafuta ya kupikia, kiasi kidogo, moto mdogo, macho yasitoke kwenye kipimajoto, na uzime mara multimita inapolia. Maji yasidondokee humo.

Wakati wa kupima utajua pia jambo lingine ambalo sura ya swichi haikuambii: kama inafunga mzunguko ikipata joto au inaukata. Swichi nyingi za Ulaya hufunga mzunguko zikipata joto. Lakini Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilikuja na swichi iliyo kinyume: ikiwa na baridi imefunga mzunguko, ikifika karibu 93 inaukata, na ikishuka hadi 83 inaufunga tena. Rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoamrishwa na swichi ya joto na kubeba umeme wa feni, imepangwa kwa mantiki hiyohiyo, kwamba mzunguko ukikatika feni inawaka. Ukichomoa waya wa swichi kwenye gari la namna hiyo na ufunguo umewashwa, feni inaanza kuzunguka. Wengi huona ni hitilafu. Mimi naona ni akili nyingi sana, kwa sababu waya ukikatika au plagi ikiliwa na kutu, unachopata ni feni isiyozima, si injini iliyoungua.

Jirani yangu aliingia kwenye tatizo hilo bila kujua. Swichi ya gari lake ilivuja, akapata nyingine yenye nyuzi zile zile, pini zile zile, digrii zilizokaribiana.  Asubuhi gari likiwa baridi feni ilizunguka, na lilipopata moto ikazima. Alibadilisha rilei, akabadilisha fyuzi, akakagua mota. Kidole cha multimita kwenye swichi mbili, ile iliyotolewa na ile iliyofungwa, zote zikiwa baridi mezani, kilimaliza mjadala: moja inalia, nyingine kimya. Tangu hapo simwambii mtu "nunua swichi ya 93" bila kumuuliza ya zamani inalia au imenyamaza ikiwa baridi.

Nyuzi nazo zina mambo yake. Magari mengi ya Ulaya hutumia M22, yaani kipenyo cha milimita 22, yenye hatua ya milimita 1.5 kati ya uzi na uzi, nyingine M14. Vifaa vingi vya Marekani hutumia 3/8 NPT, ambayo 3/8 yake ni jina la saizi ya bomba kwa inchi, si kipenyo cha nyuzi, na nyuzi zake zimechongoka kidogo kuelekea nchani na zinajibana zenyewe kadiri unavyokaza. Kipenyo chake ni kama milimita 17, kinalidanganya jicho kuwa ni M16 au M18. Ikianza kuingia kwa mkono mizunguko miwili halafu ikakaza, acha. Tangi la rejeta, la plastiki hasa, halisamehe anayelazimisha. Nyuzi zilizonyooka zinahitaji washa ya shaba au ya raba, zilizochongoka hazihitaji washa.

Halafu kuna swichi za pini moja. Hizo hutegemea mwili wake wa chuma kupata negativu kutoka kwenye injini au tangi. Mtu anaizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba mara nyingi ili isivuje, na tepu hiyo haipitishi umeme. Swichi inabaki imekaa vizuri, haivuji, na haifanyi kazi. Kwenye tangi la plastiki swichi ya pini moja haina negativu kabisa. Na kwenye kile kipande cha bomba la aluminiamu kinachokatiwa katikati ya mpira wa juu ili kupata tundu la swichi, ni vivyo hivyo: pande zote mbili kimeshikwa na mpira, hakigusi bodi popote. Lazima uvute waya kutoka kwenye kipande hicho hadi kwenye bodi, au ununue swichi ya pini mbili. Mimi huchukua ya pini mbili kila inapowezekana, hata kama ya pini moja ingetosha.

Swichi za kuzungusha kwa mkono, zenye kidude cha shaba cha kuhisi joto na mrija mwembamba unaoingizwa chini ya mpira wa rejeta, nilizijaribu kwenye gari lingine. Uzuri wake ni kwamba unachagua digrii mwenyewe ukiwa umesimama mbele ya injini. Ubaya ni pale mrija unapopita kati ya mpira na shingo: hapo maji hupata njia, hata ukiweka kiraba chake. Ile ya kuchomeka kwenye vibati vya rejeta haivuji, lakini inasoma joto la vibati lililochanganyika na upepo, na kila feni zinapowaka inajipoza yenyewe. Kwa kujaribia namba kabla ya kununua swichi ya kudumu, vinafaa. Kwa kuviacha humo miaka, sivipendi.

Upande wa umeme sikumpinga sana fundi wangu, maana ndiko alikokuwa bingwa. Kila feni yangu ilivuta ampea 12 ikishazunguka, na wakati wa kuanza inavuta mara mbili au tatu ya hapo. Swichi ndogo ya joto haitakiwi kubeba mzigo huo. Inabeba koili ya rilei tu, ambayo kwa volti 12 inavuta chini ya robo ampea. Tuliweka rilei kwa kila feni, na namba hizi ni za pini zake: 30 inapata umeme wa betri kupitia fyuzi yake iliyo karibu na betri, 87 inakwenda kwenye feni, 86 inapata umeme wa ufunguo, 85 inakwenda kwenye swichi ya joto na kutoka hapo kwenye bodi. Fundi aliongeza dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye koili, kwa maelezo kwamba koili inapoachia hurusha volti kubwa za ghafla zinazokula ncha za swichi. Waya wa feni ulikuwa wa milimita za mraba 4. Nimeona watu wakitumia waya wa redio, halafu wanalaumu feni kuwa haina nguvu.

Tulibishana kidogo kuhusu umeme wa 86. Yeye alitaka utoke betri moja kwa moja, feni ziendelee hata gari likizimwa, kama magari fulani yanavyofanya. Nikamwambia pampu ya maji inazungushwa na mkanda, injini ikizima maji yanasimama, feni zitapoza rejeta peke yake huku injini ikibaki na joto lake. Na swichi ikikwama ikiwa imefunga, asubuhi sina betri. Akacheka, akaiunga kwenye ufunguo.

Hoja yake ya mwanzo, ile ya kuziunga moja kwa moja, sikuidharau. Alikuwa anasema kitu cha kweli: swichi ikifa, inakufa kimya, na unajua siku gari linapochemsha. Kwa hiyo tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, kitufe cha dashibodi kilichoungwa sambamba na swichi ya joto, ili niweze kuwasha feni kwa mkono. La pili, taa ndogo ya kijani inayowaka feni zinapopata umeme, iliyochukua waya wake baada ya rilei, si kabla, ili isiniambie uongo rilei ikifa.

Kitufe nimekitumia mara chache sana. Taa ndiyo iliyonifundisha gari. Baada ya muda nilijua ratiba yake bila kufikiri: foleni, dakika kadhaa, inawaka, dakika moja na nusu hivi, inazima. Mlima mrefu na mzigo, inawaka nusu ya njia. Barabara kuu, kimya. Halafu ikaanza kuwaka barabara kuu. Geji ilikuwa palepale, hakuna harufu, hakuna mvuke, abiria asingejua lolote. Lakini kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa upepo unaoingia mbele unatosha bila feni, kwa hiyo swichi ya tangi la chini kufika 88 katika mwendo huo ni habari mbaya. Nilifungua mbele nikakuta kati ya kondensa ya AC na rejeta kumejaa zulia la vumbi, mbegu za majani na mabawa ya wadudu, mahali ambapo jicho halifiki ukiangalia kutoka nje. Maji ya bomba, kutoka upande wa injini kwenda mbele, bila mgandamizo wa kukunja vibati, na taa ikarudia ratiba yake. Swichi iliyoungwa kwenye mpira wa juu isingenipa taarifa hiyo mapema kiasi hicho.

Hilo linanikumbusha kosa la namba ambalo mafundi huombwa kila siku walitibu: gari linachemsha, basi mteja anaomba swichi ya digrii ndogo zaidi. Kama feni zinawaka, zinavuta upepo upande unaotakiwa, na bado geji inapanda, swichi haina la kusema tena. Imeshaita. Tatizo liko kwenye rejeta iliyoziba, themostati, pampu, mfuniko, au feni iliyoungwa waya kinyume inayosukuma upepo mbele kugombana na upepo wa mwendo. Hiyo ya mwisho hujaribiwa kwa kuweka karatasi mbele ya rejeta: feni ikiwa sawa, karatasi inanata.

Na kabla ya kuihukumu swichi iliyofungwa leo, toa hewa kwenye mfumo. Swichi iliyozungukwa na hewa badala ya maji huchelewa sana kupata joto. Jaza maji gari likiwa limeinuliwa mbele kidogo, fungulia hita hadi mwisho wa moto, acha injini ingurume mpaka mapovu yaishe, kisha ndipo uangalie feni zinawaka lini.

Swichi za pini tatu sizielezi kirefu kwa kuwa mantiki ni ileile mara mbili. Moja ya Volkswagen inayojulikana sana imeandikwa 95–84 na 102–91: mwendo mdogo wa feni kwanza, mkubwa ukihitajika. Kwa mwenye feni mbili, aina hiyo inafaa hata bila miendo miwili. Feni moja inawaka kwanza, ya pili inafuata joto likizidi, na betri haipigwi mshtuko wa feni zote kwa pamoja.

Gari likiwa na AC, feni zinahitaji mlango wa pili. Gesi ya AC hupanda mgandamizo haraka kwenye kondensa isiyopata upepo, na haisubiri maji ya rejeta yafike digrii zozote. Kwangu rilei ya feni ya kwanza inaamrishwa na vitu viwili, swichi ya joto na AC, kila kimoja kikiwa na dayodi yake ili umeme wa kimoja usirudi kwa kingine.

Wenye magari mapya huniuliza swichi yao iko wapi, na mara nyingi jibu ni kwamba haipo. Kompyuta ya gari inasoma joto kutoka kwenye sensa moja na kuamua yenyewe mwendo wa feni. Kwenye mengi ya magari hayo, ukichomoa plagi ya sensa feni huruka hadi mwendo wa mwisho, ule ule ujanja wa Toyota za zamani. Kwa hiyo ukisikia feni za gari la namna hiyo zinanguruma kwa nguvu zote huku injini ni baridi, anza na plagi ya sensa na waya wake, kabla hujamwacha mtu akuuzie feni.